Tom Mboya na ndege ya wanafunzi 81

Mwezi uliopita kamati ya elimu ya kanisa letu la mahali, hapa Uvira, ilikaa jioni nzima juu ya jina moja. Ni binti wa kwaya. Amemaliza miaka yote ya masomo ya uuguzi, mazoezi ya hospitali ameyafanya, kazi yake ya mwisho ameiandika, lakini hajaruhusiwa kuitetea mbele ya walimu kwa sababu hajalipa pesa za mwaka wa mwisho. Sasa anauza ndagala Kalundu. Wazee wengine walisema mfuko wetu mdogo uwasaidie watoto wanaoanza, maana ndio wengi. Wengine walisema huyu asaidiwe kwanza amalize. Tulifunga kwa sala bila kukubaliana.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka Tom Mboya. Vijana wetu wengi hawamjui, au wanajua jina tu kwa sababu ya barabara moja ya Nairobi. Alikuwa Mkatoliki, tena mwanasiasa, na kwa kawaida ukurasa huu hausimulii maisha ya wanasiasa. Lakini sijui mtu mwingine wa Afrika ya Mashariki aliyeelewa vizuri kuliko yeye mahali hasa ambapo masomo ya mtoto wa maskini hukatikia.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba kubwa la mkonge la Mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara wa wafanyakazi wa shamba hilo, kapita kwa maneno ya huku kwetu. Wazee wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa Victoria, watu wa mitumbwi na nyavu kama sisi wa Tanganyika, lakini yeye alikulia mbali na maji, kati ya vibarua wa makabila mengi. Hapo alijifunza lugha zaidi ya ile ya nyumbani, jambo lililomsaidia maisha yake yote. Watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kiliba wanaweza kuyawaza maisha hayo bila kuelezwa sana: nyumba ni ya tajiri, na mshahara wa baba unakwisha kabla ya mwezi.

Alisoma katika shule za misioni ya Kikatoliki: kwanza Kabaa, kisha Yala upande wa Nyanza, mwishowe Mangu, shule iliyokuwa na sifa kubwa. Alikuwa na akili. Alifaulu mtihani uliokuwa mbele yake, na waliobaki walikuwa na miaka michache tu kufika cheti cha juu cha sekondari. Yeye hakubaki. Nyumbani kulikuwa na wadogo zake waliotaka pia kusoma, na baba hakuwa na karo, ile tunayoiita minerval, ya kuwatosha wote. Mkubwa akatoka ili wadogo waingie. Ni habari ya kawaida kabisa katika nyumba zetu, na kwa sababu ni ya kawaida hatuihesabu kuwa hasara.

Basi alitafuta mafunzo ambayo baba yake asingelipia. Aliyapata katika chuo cha kuwafundisha wakaguzi wa afya, na sehemu ya mafunzo hayo aliyafanyia katika Shule ya Jeanes, Kabete. Afrika ya Mashariki walimwita mtu wa kazi hiyo bwana afya: anapita sokoni, anatazama nyama na maziwa, anakagua vyoo na visima. Sisi wa Uvira, tuliozika watu wengi kwa kipindupindu, hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Mwaka 1951 aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akiwa na miaka 20 hivi.

Kuna siku moja ya kazi hiyo ambayo yeye mwenyewe aliisimulia baadaye. Alikuwa peke yake katika maabara ya kupimia maziwa, mwenzake Mzungu ametoka. Akaingia mama wa Kizungu ameshika chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Isitoshe, mshahara wa Mwafrika wa kazi ileile ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu.

Hakuiacha kazi kwa hasira. Aliwakusanya wenzake. Akaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, sendika kama tusemavyo, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita ya Mau Mau, viongozi wa siasa wamefungwa, na sendika zilikuwa karibu mlango pekee ambao Mwafrika aliweza kusemea hadharani. Mwaka 1955 aliingia kati ya mabwana na makuli wa bandari ya Mombasa waliogoma, na makuli wakaongezewa mshahara.

Mwaka huohuo wa 1955 ndipo yeye mwenyewe alipofadhiliwa. Alipata nafasi ya mwaka mmoja katika Ruskin College, mjini Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi waliokosa shule. Naomba tuutazame mwaka huo kwa makini. Haukumpa digrii, Mboya alikufa bila digrii ya kusomea. Ulimpa nini basi? Ulimpa muda wa kusoma vitabu bila kuwaza kodi ya nyumba, walimu wa kubishana nao, na marafiki wa nchi nyingi. Mwaka 1956 kilichapishwa kijitabu chake juu ya swali la Kenya, na kabla ya kurudi nyumbani alipita Marekani. Huko alifahamiana na William Scheinman, mfanyabiashara kijana wa vipuri vya ndege. Urafiki huo ndio uliozaa jambo ninalotaka kulisimulia.

Alirudi, na mwezi Machi 1957 akachaguliwa na Waafrika wa Nairobi kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, Ghana, akiwa na miaka 28. Katika mkutano huo alikuwamo pia Patrice Lumumba wetu. Wote wawili walirudi nyumbani wakiona uhuru uko karibu. Lakini uhuru unahitaji madaktari, wahandisi, walimu wa sekondari, mahakimu. Watatoka wapi?

Hesabu ilikuwa mbaya. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilitegemea sana chuo kimoja, Makerere, pamoja na chuo cha ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956. Vijana wengi waliofaulu hawakupata nafasi. Wengine wakaanza kuandika barua wenyewe kwa vyuo vya Marekani, vyuo vikubwa na vidogo, vingine vya makanisa. Vyuo vikawajibu. Mmoja anaahidiwa kusoma bure, mwingine bweni, mwingine kazi ya jikoni ya kumpatia chakula. Wakabaki Nairobi na Kisumu wameshika barua ya kukubaliwa mkononi, na hawawezi kwenda popote, kwa kuwa nauli ya ndege ilikuwa kubwa kuliko mapato ya mzazi kwa miaka.

Hapa ndipo ninapomheshimu Mboya kuliko katika hotuba zake zote. Hakusema tujenge chuo kikuu kwanza. Hakusema tumlipie mtu mmoja kila kitu mpaka awe profesa. Aliona kwamba kwa mamia ya vijana sehemu kubwa ya daraja ilikwisha kujengwa na wengine, na palipobaki wazi ni pamoja tu, nauli. Akasema, kwa matendo, tuwapakie wote katika ndege moja ya kukodi, na bei ya kila kiti itashuka.

Mwezi Aprili na Mei 1959 alizunguka Marekani kwa wiki 5 hivi, akihutubia katika vyuo, makanisa na kumbi za wafanyakazi. Kila alipofika aliomba vitu viwili: nafasi za masomo, na pesa za ndege. Scheinman na wenzake walikuwa na mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Afrika, na watu weusi mashuhuri wa nchi hiyo wakatia sahihi barua ya kuomba michango: Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji. Pesa zikaja, nyingi zikiwa michango midogo ya watu wasiojulikana.

Katika safari hiyo alifika Atlanta na kupokewa na mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa bado kijana, Martin Luther King. Baada ya hapo King alikubali kwamba shirika lake, pamoja na kanisa alilolichunga la Dexter Avenue mjini Montgomery, wasaidie gharama za mwanafunzi mmoja Mkenya katika chuo cha Tuskegee, jimbo lilelile la Alabama. Wachungaji wenzangu, tuikumbuke hali ya kanisa lile. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu waumini wake walipotembea kwa miguu mwaka mzima kwa kugomea mabasi ya ubaguzi. Walikuwa na shida zao na kesi zao mahakamani. Bado walichukua jina la kijana mmoja wa ng'ambo wakaliweka katika hesabu ya kanisa. Sisemi hivi ili kumwaibisha mtunza hazina yeyote; wetu anahangaika vya kutosha.

Upande wa Kenya kazi haikuwa ndogo. Kuwachagua wasafiri Mboya alisaidiana na Dakta Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata udaktari wa falsafa, naye alisomea Marekani. Mwanafunzi alihitaji pia pesa kidogo za kujikimu, na hizo zilitoka kwa jamaa na majirani. Watu waliandaa karamu za chai na dansi za kuchangisha, wengine wakauza ng'ombe. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba Wamarekani walilipa yote. Ufadhili ule ulikuwa kama likelemba kubwa: chuo kinaweka chake, mchezaji wa mpira anaweka chake, bibi wa kijijini anauza kuku anaweka chake.

Mwezi Septemba 1959 ndege ikaruka kutoka Nairobi kwenda New York na wanafunzi 81. Wengi wao hawakuwahi kupanda ndege. Walitawanyika katika majimbo mengi, huko wakakutana na theluji, na kuosha sahani usiku, na katika miji mingine hoteli ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi.

Waingereza hawakufurahi. Maofisa wao walisema vyuo vile vingi ni vya hali ya chini, na kwamba vijana watakwama ugenini bila pesa. Wapinzani wa Mboya nyumbani walinung'unika kwamba anajijengea jeshi la wafuasi. Sidhani lawama hiyo ya mwisho ilikosa ukweli wote. Mwanasiasa anayempeleka mtoto wako ng'ambo hasahauliki siku ya kura, naye alikuwa mtu wa kupenda kushinda. Ndiyo sababu mimi huona afadhali majina yachaguliwe na kamati, tena mbele ya watu, kuliko na mkono wa mtu mmoja, hata kama mkono huo ni wa mchungaji.

Mwaka uliofuata wanafunzi waliokuwa wakingoja walikuwa zaidi ya 200, wakiwamo wa Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini. Pesa hazikutosha. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port nyumbani kwa Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa mpinzani wake Nixon uliposikia, ghafla serikali nayo ikapata pesa ya kutoa, na pakawa na ugomvi hata katika Baraza la Seneti. Tabasamu kama unataka, wanafunzi walisafiri.

Msomaji wa huku kwetu hawezi kupita juu ya tarehe hiyo ya Julai 1960. Ni mwezi ambao nchi yetu, huru tangu 30 Juni, ilianza kupasuka. Wabelgiji waliondoka wakiacha wahitimu wa chuo kikuu ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa chini ya 30 kwa Kongo nzima. Shule za msingi zilikuwa nyingi, lakini Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na shule za misioni zetu za Kiprotestanti zilikaa miaka mingi bila ruzuku ya serikali waliyopata Wakatoliki. Zilianza kuipata baada ya Vita Kuu ya Pili. Lumumba alipata nchi bila makatibu wa kuiendesha. Sidai kwamba ndege moja ingetuokoa, kwa sababu yaliyotupata yalikuwa na mikono mingi. Lakini wazee wetu Waprotestanti waliuona upungufu ule, nao mwaka 1963 wakafungua Chuo Kikuu Huria cha Kongo mjini Kisangani, wakati nchi bado ina majeraha.

Kufikia mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 walikuwa wamekwenda Marekani kwa mpango wa Mboya na wenzake. Katika ndege ya kwanza alikuwamo Pamela Odede, aliyesomea chuo cha wanawake huko Ohio. Aliporudi Mboya alimwoa, Januari 1962. Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, aliyepelekwa chuo kidogo cha masista mjini Atchison, Kansas. Alisoma elimu ya viumbe, akamaliza mwaka 1964, akaongeza shahada nyingine Pittsburgh, kisha mwaka 1971 akapata udaktari Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuufikia. Huyo ndiye Wangari Maathai wa miti, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watu hupenda kumweka ndani ya ndege ile pia baba yake Barack Obama. Hakuwamo. Alikuwa rafiki wa Mboya na alikwenda Hawaii mwaka huohuo wa 1959 kwa njia nyingine. Mfuko ulimsaidia baadaye, alipokwisha kufika. Nalo ni jambo: mfuko haukuuliza kama alipanda ndege yao, uliona kwamba yupo darasani na amepungukiwa.

Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963, vijana hao walikuwa wanaanza kurudi. Waliingia wizarani, vyuoni, katika mabenki na hospitali, katika viti vilivyoachwa na Wazungu. Mboya mwenyewe alikuwa waziri wa kazi mwaka 1962, kisha wa sheria na katiba, na tangu 1964 wa mipango ya uchumi. Wengi walimwona kuwa rais wa baadaye, na si wote walioona hivyo walipenda.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana, alitoka katika duka la dawa mjini Nairobi. Alipigwa risasi pale mlangoni akafa, mwenye miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, na swali la nani alimtuma halijazikwa mpaka leo. Mji ulilia na kupigana. Mwili ulisafirishwa njia ndefu hadi Rusinga, kisiwa cha baba zake, ukazikwa karibu na maji.

Barua yangu ya kwanza ya kusomea theolojia ililipiwa na akina mama wa makanisa matatu ya pwani hii, kati ya Makobola na Mboko, kwa pesa za mihogo na samaki. Mwaka wa mwisho nilikaribia kuacha. Sikuacha kwa sababu mzee mmoja alikuja kwa pikipiki na bahasha yenye noti zilizochakaa, kiasi kilekile kilichopungua, wala hakikuzidi. Sikuwaeleza kamati habari hiyo jioni ile. Niliona itakuwa kama kuvuta upande. Sasa nimeiandika hapa.

Kamati inakutana tena Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Nimemwomba binti aje na karatasi ya chuo inayoonyesha kiasi hasa kilichobaki, na wale wazee wanaowasemea watoto wanaoanza nimewaomba waje na orodha ya majina na deni la kila mmoja. Tutazitazama zote mbili mezani.